Kuiga mwendo wa seli za konea kwa jometri ya kompyuta: mwongozo kamili, kuanzia picha ya mgonjwa hadi kidonda kinapofunga

Nyuma ya konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, upande unaogusana na maji ya jicho, kuna tabaka moja tu la seli liitwalo endothelia. Unene wake ni mikromita 5 hivi, lakini ndilo linaloyasukuma maji yatoke ndani ya konea ili ibaki angavu. Kijana huwa na takriban seli 3,000 katika kila milimita mraba. Idadi hiyo hushuka polepole, karibu asilimia 0.6 kwa mwaka, na ikikaribia 500 konea huanza kujaa maji na kupata ukungu. Operesheni ya mtoto wa jicho, ugonjwa wa Fuchs (ugonjwa unaoua seli za endothelia polepole), jeraha, presha ya jicho iliyopanda ghafla: vyote hula seli hizi. Kwa binadamu hazigawanyiki tena kwa kiasi cha kuziba pengo. Zinazobaki hutanuka na kusogea hadi nafasi ifunikwe.

Ndiyo maana endothelia ni mahali pazuri kuliko pote pa kujifunza kuiga mwendo wa seli. Idadi haiongezeki, kwa hiyo kila mikromita mraba iliyozibwa imetoka kwa seli fulani iliyohama au iliyotanuka. Hesabu lazima ifunge. Ikikataa kufunga, kosa liko kwenye programu yako, na utaliona mapema kabla hujamwambia daktari yeyote neno.

Usiutumie mwongozo huu kwa vidonda vya uso wa nje wa konea, vile ambavyo wakulima hupata baada ya kuchomwa na jani au punje kisha fangasi wakaingia. Seli za uso wa nje hugawanyika na kujazwa upya kutoka ukingoni mwa konea, na hesabu yake ni nyingine. Kwa tabaka lenye rangi lililo nyuma ya retina, hatua za picha na za mchoro zinafaa bila kubadilika.

Vifaa, ruhusa na umeme

Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 inatosha. Unahitaji lugha ya Python pamoja na maktaba zake NumPy, SciPy, Shapely na Matplotlib, na programu ya Fiji kwa ajili ya picha. Kama uko chuo kikuu cha Makerere au Mbarara, Uganda, pakua vyote kwa mtandao wa chuo unaoletwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, na uhifadhi mafaili ya kusakinisha kwenye flashi. Kupakua upya kwa bando la simu kila kompyuta inapoharibika ni gharama isiyo na sababu.

Picha hutoka kwenye mashine inayopiga seli za konea kwa kuakisi mwanga, bila kuligusa jicho. Si kila idara ya macho inayo, kwa hiyo ulizia kabla hujaandika pendekezo lako. Picha za wagonjwa zinahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi, kisha usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inakuhusu. Mashine nyingi huchapa jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kona ya picha yenyewe, na kubadilisha jina la faili hakuyaondoi. Kata kona hiyo kabla picha haijatoka hospitalini.

Umeme hukatika. Andika programu yako ihifadhi mahali pa kila seli kwenye diski kila baada ya hatua 50, pamoja na mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha jenereta) uliyoanza nayo na hali ya jenereta ya namba nasibu ilivyo wakati huo. Ukikosa kuhifadhi hali ya jenereta, zoezi likianzishwa upya katikati halitafuata njia ileile.

Hatua ya 1: Kutoka picha hadi nukta

Anza na kipimo cha pikseli. Kama picha inaonyesha upana wa milimita 0.5 kwa pikseli 640, kila pikseli ni mikromita 0.78. Kosa la asilimia 5 hapa huwa kosa la karibu asilimia 10 kwenye msongamano wa seli, kwa sababu eneo ni mraba wa urefu. Hakikisha kwa kuhesabu msongamano mwenyewe na kuulinganisha na ule ulioandikwa na mashine. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, tafuta sababu. Mara nyingi picha ilipunguzwa ukubwa ilipotumwa kwa WhatsApp.

Usidonoe tu katikati ya kila seli kwa macho. Chora mipaka ya seli ndani ya Fiji, seli kwa seli, kisha uiache programu ikokotoe kitovu cha eneo la kila moja. Seli ina upana wa mikromita 20 hivi. Mkono ukikosea mikromita 2 tayari umepotoka kwa sehemu moja ya kumi ya seli, na kosa hilo litaonekana baadaye kama ugonjwa. Chora seli zisizopungua 100 zinazogusana, zote zikiwa nzima ndani ya picha. Mtu wa pili achore picha ileile bila kuona kazi ya wa kwanza. Tofauti kati yenu ndiyo kiwango cha makosa ambacho modeli yako haiwezi kukishuka.

Kwenye ugonjwa wa Fuchs utaona madoa meusi ambako seli hazionekani. Usikisie kilichomo. Zungushia doa mstari na uliweke kando kama eneo lisilohesabiwa, maana ukiliacha tupu mchoro utawagawia majirani nafasi hiyo na kuonyesha seli kubwa ambazo hazipo.

Jambo dogo linalopoteza muda: kwenye picha mhimili wa wima huanza juu na kushuka, kwenye grafu huanza chini na kupanda. Geuza mara moja, mwanzoni, la sivyo upande wa juu wa konea utakuwa wa chini katika majibu yako yote.

Hatua ya 2: Mchoro wa Voronoi, na jaribio la kuuamini

Mchoro wa Voronoi, uliopewa jina la mwanahisabati Georgy Voronoy, humpa kila nukta eneo lote lililo karibu nayo kuliko nukta nyingine yoyote. Pembetatu za Delaunay ni upande wa pili wa mchoro huohuo: zinaunganisha nukta ambazo maeneo yao yanapakana. Wa kwanza hukupa umbo na eneo la seli, wa pili hukupa majirani.

Nukta za pembezoni hupata maeneo yasiyo na mwisho, na SciPy huyaonyesha kwa namba −1. Suluhisho safi ni kuakisi: chukua kila nukta iliyo ndani ya mikromita 70 kutoka ukutani, nakili taswira yake upande wa pili wa ukuta kama kwenye kioo, fanya hivyo kwa kuta zote nne, chora, kisha utupe maeneo ya nakala. Mipaka ya seli itaangukia ukutani kabisa. Jumla ya maeneo ya nukta halisi lazima ilingane na eneo la sanduku hadi desimali kadhaa. Isipolingana, usiendelee.

Sasa linalorukwa na wengi. Mchoro wa Voronoi ni dhana kuhusu seli, na dhana hupimwa. Weka poligoni za Voronoi juu ya mipaka uliyochora kwa mkono. Kwa kila seli, pima kwa Shapely eneo lililo ndani ya moja lakini nje ya nyingine, jumlisha kwa seli zote, gawanya kwa jumla ya eneo halisi. Ikiwa jibu ni chini ya asilimia 10, tunaona inafaa kuendelea. Ikizidi 15, tishu hiyo ina seli zilizonyooka au zilizojikunja kiasi kwamba nukta moja haitoshi kuieleza seli, na utahitaji modeli ya vipeo, ambako kila kona ya seli ina mwendo wake. Kati ya hizo mbili, angalia seli zilizokosewa ziko wapi: zikiwa zimekusanyika mahali pamoja, chora upya hapo kwanza.

Andika pia vipimo vitatu vya picha, kwa sababu utavihitaji baadaye: wastani wa eneo la seli, mchepuko sanifu wa eneo ukigawanywa kwa wastani (tutauita mtawanyiko), na asilimia ya seli zenye pande sita. Katika jicho lenye afya kipimo cha pili huwa kati ya 0.25 na 0.30 hivi, na pembesita huwa asilimia 60 au zaidi. Kikipanda juu ya 0.40, au pembesita zikishuka chini ya asilimia 50, tishu ina msukosuko.

Hatua ya 3: Kutengeneza tishu ya kuanzia

Picha ya milimita 0.25 kwa 0.5 ina seli 300 hivi, nazo hazitoshi kuweka kidonda na majirani wa kutosha. Tengeneza sanduku la milimita 1 kwa 1 lenye seli 2,500. Kila seli inapata mikromita mraba 400. Pembesita kamili ya eneo hilo ina upande wa mikromita 12.4, na umbali kati ya vitovu viwili jirani ni 21.5.

Tawanya nukta 2,500 kwa nasibu. Ukizichora hivyo, pembesita zitakuwa asilimia 29 tu na mtawanyiko wa eneo utakuwa 0.53. Namba hizo zinajulikana vizuri kwa nukta za nasibu, kwa hiyo zitumie kuhakiki programu. Kisha fanya sahihisho la Lloyd: sogeza kila nukta kuelekea kitovu cha eneo lake, chora upya, rudia. Usisogeze hadi kitovuni kabisa. Nenda nusu ya njia, maana raundi kamili huruka thamani unayoitafuta. Simama mtawanyiko unapofika ule wa picha yako, tuseme 0.28. Angalia pembesita. Zikitofautiana na za picha kwa zaidi ya asilimia 5, kubali kwamba tishu yako ya kuigiza inafanana na ya mgonjwa kwa ukubwa lakini si kwa ujirani, na uandike hivyo kwenye ripoti.

Hatua ya 4: Kidonda

Ondoa nukta zote zilizo ndani ya mikromita 150 kutoka katikati. Eneo hilo ni mikromita mraba 70,686, hivyo utapoteza seli 177 hivi na kubaki na takriban 2,323. Kidonda kikishaziba, wastani wa eneo lazima uwe 430.5. Iandike namba hiyo sasa, kabla hujaona jibu.

Hapa wanaoanza hushangaa: wanafuta nukta, wanachora Voronoi, na kidonda hakipo. Voronoi haijui nafasi tupu, hivyo seli za ukingoni zimeshajigawia shimo lote papo hapo. Zuia hilo kwa kukata kila eneo kwa duara lenye nusukipenyo R kuzunguka nukta yake. Seli inapata sehemu ya eneo lake iliyo ndani ya duara tu. R ya mikromita 20 ni mwanzo mzuri kwa msongamano huu. Ikiwa ndogo mno, hata seli za katikati ya tishu nzima zitakatwa na utaona vitundu kati yake. Ikiwa kubwa mno, kidonda kitakuwa kimefunikwa nusu kabla ya hatua ya kwanza. Pima kwenye tishu isiyo na kidonda: seli zilizokatwa zisizidi asilimia 1.

Hata kwa R nzuri, shimo la mwanzo litakuwa dogo kuliko 70,686, kwa sababu maduara ya seli za ukingoni yanachungulia ndani. Si kosa. Pima shimo kwa kutoa jumla ya maeneo yaliyokatwa kutoka eneo la sanduku, na hiyo ndiyo thamani ya saa sifuri.

Hatua ya 5: Kanuni ya mwendo

Kila nukta r ina kitovu c cha eneo lake lililokatwa. Katika kila hatua ya muda Δt:

r mpya = r + k·Δt·(c − r) + σ·√Δt·ξ

k ni kasi ya nukta kuvutwa kuelekea kitovu, na σ ni ukubwa wa mtikisiko wa nasibu. ξ ni namba mbili za nasibu, moja kwa kila mhimili, zenye wastani 0 na mchepuko 1. Anza na k = 0.2 kwa saa, Δt = nusu saa, na σ = mikromita 1 kwa kipeuo cha pili cha saa. Nukta ikirukia nje ya ukuta, irudishe ndani kwa kuakisi.

Uzuri wa kanuni hii ni kwamba hakuna anayeiambia seli kidonda kiko wapi. Seli ya katikati ya tishu imebanwa pande zote, kitovu chake kiko karibu na nukta yake, haina haraka. Seli ya ukingoni ina duara lililo wazi upande mmoja, kitovu chake kimevutwa huko mikromita kadhaa, nayo husogea. Ikisogea, inamwachia jirani wa nyuma nafasi, naye hufuata. Mwendo wa tishu nzima unazaliwa na jometri peke yake. Hisao Honda na wenzake walifuatilia seli moja moja katika endothelia ya paka walio hai iliyojeruhiwa na kuchapisha matokeo mwaka 1982. Ni Honda huyohuyo aliyeonyesha mwaka 1978 kwamba seli nyingi za wanyama zinaelezeka kwa maeneo ya aina hii.

σ haikuwekwa kwa mapambo. Bila hiyo, kanuni ya kitovu ni sahihisho la Lloyd linaloendelea bila kukoma: hata tishu isiyo na kidonda itazidi kujipanga, mtawanyiko utashuka kutoka 0.28, pembesita zitapanda, na utaandika kwamba kidonda kimeboresha umbo la seli ilhali ni programu iliyofanya hivyo. Kwa hiyo kabla ya kidonda chochote, endesha tishu nzima kwa hatua 400 na urekebishe σ hadi mtawanyiko ukae ulipoanzia. Tunalisisitiza zoezi hili kuliko mengine yote. Kazi isiyolionyesha haiaminiki.

Kisha punguza Δt kwa nusu na urudie. Mkunjo (mstari wa grafu) wa eneo la kidonda ukibadilika zaidi ya upana wa tofauti za nasibu, hatua zako ni ndefu mno. Kwa usalama k·Δt isizidi 0.1.

Kuhusu kasi ya kompyuta: kinachochelewesha ni kukata maeneo kwa Shapely, si Voronoi. Pima kwanza umbali wa kona ya mbali zaidi ya kila seli, na ukate tu zile ambazo umbali huo unazidi R. Kwa kawaida ni seli za ukingoni tu.

Hatua ya 6: Nini cha kupima

Kila hatua kumi, andika eneo la shimo, idadi ya seli, na wastani wa eneo kwa pete za upana wa mikromita 50 kutoka katikati. Idadi isibadilike hata kwa moja. Mwishoni wastani wa jumla ufike 430.5. Ukikwama chini yake, kuna shimo dogo lililobaki kati ya maduara, na utalipata kwa kuchora.

Pete za ndani zitaonyesha seli kubwa muda mrefu baada ya shimo kufunga. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Kuziba ni jambo la haraka, kusawazisha ni la polepole, na daktari anayepima katikati ya kidonda tu ataona msongamano wa chini kuliko ule wa jicho zima.

Kwa ubadilishanaji wa majirani, linganisha jozi za Delaunay za hatua moja na ya inayofuata, ukiacha jozi ambazo nukta zake zimeachana kwa zaidi ya 2R. Puuza mipaka mifupi kuliko mikromita 1, maana mpaka mfupi huwaka na kuzimika kwa sababu ya σ na kukupa mamia ya mabadilishano ya uongo.

Hatua ya 7: Kufunga modeli kwenye muda wa mgonjwa

k ndiyo saa ya modeli. Ukibadilisha k na σ kwa pamoja, ukiacha uwiano wa σ² kwa k uleule, picha zinabaki zilezile kitakwimu na muda pekee ndio unaonyooka au kufupika. Kwa hiyo unatafuta namba moja tu kutoka kwa data ya mgonjwa.

Hapa Uganda data rahisi kupatikana ni ya mtoto wa jicho. Operesheni ya mkono yenye mkato mdogo mara nyingi hufungua tundu upande wa juu wa jicho, na seli hupotea zaidi karibu na mkato. Omba picha mbili kwa kila ziara, moja ya katikati na moja ya juu: kabla ya operesheni, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu. Picha ya siku inayofuata usiitegemee, konea bado imevimba. Katika modeli, usifungue shimo. Futa kwa nasibu asilimia ileile ya nukta iliyopotea upande wa juu, kisha fuata uwiano wa msongamano wa juu kwa wa katikati unavyopanda kuelekea 1. Chagua k inayofanya mkunjo upite karibu na picha za mwezi wa kwanza, na uache mwezi wa tatu uwe mtihani ambao modeli haikuuona.

Tahadhari moja ina uzito hapa. Kanuni hii hupeleka habari seli kwa seli, kwa hiyo umbali ukiongezeka mara mbili muda huongezeka mara nne. Konea ina kipenyo cha milimita 11 hadi 12. k uliyoipata kwenye sanduku la milimita 1 itakuwa ndogo mno, na itatoa muda mrefu mno, kama mkato na katikati ya konea vimetenganishwa na milimita 4. Tengeneza ukanda mrefu wenye umbali halisi, hata kama ni mwembamba, milimita 5 kwa 0.5 kwa mfano, wenye seli 6,250.

Kama picha za ukingo wa jeraha zinaonyesha seli ndefu, pima mzingo wa kila moja ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha eneo lake. Pembesita kamili ina 3.72. Seli nyingi za ukingoni zikizidi 4, duara la R haliwezi kuzieleza, na hapo ndipo pa kuhamia modeli ya vipeo.

Endesha kila zoezi kwa mbegu 20 tofauti na umpelekee daktari mkunjo wa kati pamoja na upana wake, si mstari mmoja. Mgonjwa aliyekuwa na seli 2,400 kabla na 1,900 baada ya operesheni amepoteza asilimia 21 hivi. Swali la daktari ni kama 1,900 za mwezi wa kwanza ni mahali pa kutulia au katikati bado inawagawia seli majirani wa juu. Mpe namba ya mwezi wa tatu unayoitarajia, kwa maandishi, kabla mgonjwa hajarudi kliniki.